Wounded Knee: Wageni Walipoondoka, Wenyeji Walibaki na Nini?

Juu ya kilima cha Wounded Knee, katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, kuna makaburi yaliyozungushiwa uzio wa waya. Katikati yake ni kaburi moja refu la pamoja. Humo walizikwa, mwanzoni mwa Januari 1891, Walakota, wenyeji asilia wa nchi hiyo, waliouawa na kikosi cha Saba cha askari wapandafarasi tarehe 29 Desemba 1890. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee, na maiti zao zilikuwa zimelala kwenye theluji siku kadhaa hadi zikakakamaa. Hatua chache kutoka kaburi hilo amelala Lawrence Lamont, ambaye watu wote walimwita Buddy. Alikuwa Mlakota wa tawi la Oglala, kijana wa hapo hapo, aliyekwenda vitani Vietnam akarudi salama. Aliuawa kwa risasi ya serikali yake mwenyewe tarehe 26 Aprili 1973, akiwa na miaka 31, mahali ambapo watu wa ukoo wa mama yake walikuwa wameuawa zaidi ya miaka 80 nyuma. Jiwe la kaburi lake lina maneno machache: maelfu walikuja Wounded Knee mwaka 1973, mmoja akabaki.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Kila ninaposoma habari za siku 71 ambazo wanaharakati wenye silaha walikishikilia kijiji cha Wounded Knee, kuanzia Februari 27 hadi Mei 8, 1973, naona simulizi inaanza na msafara wa magari na kuishia siku silaha ziliposalimishwa. Tunaambiwa habari za Russell Means na Dennis Banks, viongozi wa wanaharakati hao, za waandishi wa habari waliofurika, za mwigizaji Marlon Brando kukataa tuzo yake ya Oscar mwezi Machi mwaka huo na kumtuma binti jukwaani azungumze kwa niaba ya wenyeji asilia. Watu wa kijiji chenyewe hupewa sentensi mbili, mara nyingi kama mateka, mara nyingine kama umati unaoshangilia. Mimi nadhani uvamizi wa namna hii upimwe nyumbani kwa yule ambaye, wageni walipowasha magari yao, hakuwa na kwingine pa kwenda.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu nani alimwita nani, kwa sababu hapo ndipo wachambuzi wengi wanapoteleza. Tumezoea kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ni kweli, nyasi za Pine Ridge ziliumia vibaya. Lakini huku nyasi zenyewe ndizo zilizomwita tembo mmoja.

Pine Ridge ni eneo walilobanwa Waoglala baada ya kunyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao, ikiwemo milima ya Black Hills ambayo mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliahidi kuwa ni yao. (Wengine huandika «hifadhi» kwa Kiswahili. Neno hilo linanipa shida, maana kwetu hifadhi ni ya tembo na nyati, na hawa ni watu.) Mwaka 1972 Waoglala walimchagua Dick Wilson kuwa mwenyekiti wa baraza la kabila. Katiba ya baraza hilo ilitokana na sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1934, na ilimpa mwenyekiti nguvu kubwa kuliko ambavyo mila za Walakota zingeruhusu. Kazi za mishahara zilikuwa chache mno, na karibu zote zilitoka katika ofisi za kabila au za serikali kuu. Ukiwa na mwenyekiti upande wako, mtoto wako anapata kazi. Ukiwa kinyume naye, unakaa na njaa yako. Wilson alituhumiwa kuwagawia kazi ndugu na marafiki, kutumia fedha za kabila bila kuulizwa na kuendesha mambo bila kuitisha baraza. Akaunda kikosi cha vijana wake, watu wakakiita «goon», jina la wahuni wa kukodiwa. Wenyewe wakalikumbatia jina hilo, wakasema herufi zake zinasimamia walinzi wa taifa la Oglala.

Waliopinga walijaribu njia ya sheria. Walianzisha chama cha haki za kiraia cha Waoglala, wakakusanya malalamiko, wakataka baraza limwondoe Wilson. Februari 1973 jaribio hilo lilishindwa. Wakati huo jengo la ofisi za serikali pale mji wa Pine Ridge lilikuwa limezungushiwa viroba vya mchanga, bunduki za rashasha ziko juu ya paa, na askari wa serikali kuu wameletwa kulilinda. Mwananchi aliyekuja na karatasi ya malalamiko alipokewa na mtutu.

Ndipo kukawa na mkutano katika ukumbi wa jumuiya wa Calico, jioni ya Februari 27. Waliosukuma mambo usiku ule walikuwa kina mama. Ellen Moves Camp na Gladys Bissonette, watu wa hapo hapo, walisimama wakasema wazi kwamba wanaume wamekaa kimya kwa hofu na kwamba sasa waitwe wale vijana wa vuguvugu la wenyeji asilia, AIM, lililoanzishwa Minneapolis mwaka 1968 na kupata umaarufu mijini. Wazee wa mila walikubali. Frank Fools Crow, chifu aliyeheshimiwa kuliko wote, ndiye aliyetoa neno la kwenda Wounded Knee.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali yetu hii inaeleza usiku wa Calico kuliko uchambuzi wowote niliousoma. Hawakuvamiwa tu, walibisha hodi kwa jirani mwenye nguvu wakaomba msaada. Na walichokiomba kilikuwa kitu mahususi: kumwondoa Wilson na vijana wake, watu walale usingizi. Ukikumbuka ombi hilo, utaweza kuhesabu baadaye kama mwenyeji alipona au la.

Lakini palipoitwa msaada si pale ulipotua. Walioita walikuwa wametoka wilaya mbalimbali za Pine Ridge. Kijiji kilichochukuliwa kilikuwa cha watu wengine, na sijui kama usiku ule kuna aliyekwenda kugonga milango ya Wounded Knee kuwauliza. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ya kaburi la 1890, kwa sababu jina lake lingesikika duniani. Na lilisikika. Ila kijiji hakikuwa jina tu. Palikuwa na duka, posta, kanisa katoliki juu ya kilima, jumba dogo la makumbusho, na nyumba za familia za Kilakota zilizotawanyika kando ya kijito.

Lile duka nalo lina hadithi yake. Lilimilikiwa na familia za wafanyabiashara, si kabila. Walakota wengi walilichukia, na walikuwa na haki. Bei zilikuwa juu, mteja alikuwa amefungwa na daftari la deni, na watalii waliuziwa hapo postikadi zenye picha za maiti za mwaka 1890. Fikiria unaingia dukani kununua unga na sukari, na kando ya kaunta pamepangwa picha za mababu zako waliokufa, zinauzwa. Hasira iliyolipuka usiku ule haikuzuka hewani.

Pamoja na hayo, duka hilo hilo ndilo lilikuwa jirani wa kila siku. Kutoka Wounded Knee hadi mji wa Pine Ridge ni kama kilomita 25, na mwezi Februari barabara za huko hufunikwa na theluji. Duka ndipo mzee alipopokea barua na hundi yake ya mwezi, ndipo mama alipokopa maziwa akisubiri hundi hiyo. Usiku wa kwanza duka liliporwa. Kabla mzingiro haujaisha lilikuwa limeteketea kwa moto. Aliyelikomboa duka lile kutoka kwa mwenye daftari hakuacha duka lingine mahali pake, na madeni ya mwanakijiji yakageuka kutembea kilomita nyingi kutafuta mkate.

Watu 11 waliokuwa katika nyumba za wafanyabiashara na kanisani walitajwa kuwa mateka, miongoni mwao padri na wazee wa umri mkubwa. Maseneta wawili wa South Dakota, George McGovern na James Abourezk, walifika siku chache baadaye kuwatoa. Wengi wao walikataa kuondoka. Walisema hapa ni kwao, na kwamba wao wakitoka serikali itapata nafasi ya kushambulia kila aliyebaki. Jambo hili hunigusa. Watu ambao mali yao ilikuwa imeporwa mbele ya macho yao walijua kwamba miili yao ndiyo ngao iliyobaki kati ya wavamizi na magari ya deraya yaliyopangwa vilimani. Kwa muda mfupi mateka na mteka walilindana.

Familia za Kilakota za kijijini hazikupata seneta wa kuja kuziuliza. Wengine walibaki ndani na kuunga mkono. Wengine walibaki kwa sababu mgonjwa hangeweza kuhamishwa. Wengi walitoka na nguo walizovaa, wakajazana kwa ndugu Pine Ridge, Porcupine na Manderson, wakidhani ni siku mbili tatu. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni alikaa siku 71, na mwenyeji ndiye aliyekuwa nje ya nyumba yake. Walioweza kurudi mwezi Mei walikuta milango imevunjwa, samani zimechomwa kuni, picha za familia zimekanyagwa, mbao za sakafu zimeng'olewa kuimarisha mahandaki. Nani hasa alifanya nini, wavamizi au askari waliopekua nyumba baadaye, ni jambo ambalo watu wa huko walilaumiana kwa miaka. Kwa mwenye nyumba jibu halikubadilisha kitu.

Ndani ya mzingiro maisha yalikuwa magumu kwa kila mtu. Serikali ilikata umeme na simu, ikazuia chakula. Usiku anga ilimulikwa kwa baruti za mwanga, kisha risasi zikaanza. Tarehe 26 Machi afisa wa serikali, Lloyd Grimm, alipigwa risasi akapooza. Aprili 17, siku ndege ndogo zilipodondosha chakula kwa miavuli, risasi ilimpata Frank Clearwater, muungaji mkono wa wavamizi aliyekuwa amefika muda mfupi tu kabla, na baada ya siku nane akafa hospitalini.

Nje ya mzingiro ndiko ambako historia imechungulia kidogo sana, na ndiko walikokuwa Waoglala wengi. Mtu aliyetaka kutoka Porcupine kwenda kumwona dada yake Pine Ridge alikutana na vizuizi vya barabarani vya aina tatu. Kimoja cha serikali kuu: shuka, fungua buti, weka mikono juu ya gari. Kingine cha wavamizi, karibu na kijiji. Na cha tatu, cha wafuasi wa Wilson pamoja na baadhi ya wakazi waliohamishwa, watu waliochoka kungoja, wakaamua wenyewe kuzuia chakula na mawakili wasiingie. Mwezi Aprili kizuizi hiki cha tatu kilifika mahali pa kutunishiana misuli na maafisa wa serikali kuu waliokuwa eti upande mmoja nacho. Ukitaka kujua jinsi jamii inavyopasuka, tazama mtu akisimamishwa barabarani na binamu yake mwenye bunduki, anayemjua jina, anayejua anakokwenda, na bado anamwambia ashuke.

Walakota huishi kwa *tiyospaye*, ukoo mpana wa jamaa wanaosaidiana, wanaolea watoto pamoja na kuzikana. Uvamizi ule uliingia katikati ya tiyospaye kama shoka kwenye gogo. Palikuwa na ufa tangu zamani kati ya wenye damu kamili waliokaa vijijini wakishika mila, na wale wa damu mchanganyiko, *iyeska*, waliokaa karibu na ofisi. Hata hivyo ufa huo haukuwa ukuta. Walioana, walizikana, walikula nyama ya sherehe moja. Mwaka 1973 kila mtu alilazimishwa kuchagua. Nyumba moja ilikuwa na kaka aliyebeba mkoba wa chakula usiku kupitia makorongo, akitambaa kukwepa mataa, na kaka mwingine aliyelipwa mshahara wa kulinda njia hiyo hiyo.

Na kilichoukomesha uvamizi ni nini? Msimuliaji wa mbali atakuambia ni mazungumzo ya wakubwa. Mimi naona ni kifo cha Buddy Lamont. Clearwater alikuwa mgeni, na msiba wake ulikuwa mzito. Lakini Buddy alikuwa mtoto wa pale, kila mtu alimjua mama yake. Baada ya risasi ile wazee wa Oglala walisema basi. Wale wale ambao neno lao lilifungua mlango usiku wa Calico ndio ambao neno lao liliufunga. Buddy akazikwa kilimani karibu na waliouawa 1890, na Mei 8 silaha zikasalimishwa. Mwenye mamlaka ya kumwita mgeni ndiye mwenye mamlaka ya kumuaga. Jambo hilo peke yake linatosha kukanusha wote wanaosema Waoglala walikuwa vikaragosi vya vijana wa mjini.

Serikali iliahidi kwamba wajumbe wa Ikulu ya Marekani wangekuja kuzungumza na machifu kuhusu mkataba wa 1868. Walikuja kweli, mwezi huo huo wa Mei, nyumbani kwa Fools Crow karibu na Kyle. Watu walisafiri kutoka mbali, wazee wakavaa vilemba vyao vya manyoya. Wajumbe walisikiliza, wakaondoka wakiahidi kurudi na majibu. Majibu yakaja kwa barua: enzi za kufanya mikataba na wenyeji asilia ziliisha mwaka 1871. Kwa hiyo siku 71 za risasi, watu wawili makaburini, kijiji kilichoteketea, na wazee waliokaa juani kungoja, vyote vilijibiwa kwa karatasi inayokumbusha tarehe. Lawama kubwa kuliko zote katika makala hii naiweka hapo. Serikali iliyokuwa na njia ya kumaliza jambo kwa kusikiliza malalamiko ya kina mama mapema Februari ilichagua viroba vya mchanga, kisha ilipoahidi kusikiliza haikusikiliza.

Na Wilson? Hili ndilo swali la mwenyeji. Alibaki ofisini. Uchaguzi wa mwaka 1974 Russell Means aliongoza katika duru ya kwanza. Duru ya pili mwezi Februari Wilson akashinda kwa kura zisizofika 200. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilichunguza ikakuta karibu theluthi moja ya kura zina kasoro za namna moja au nyingine. Matokeo hayakufutwa. Wilson alitoka mwaka 1976 tu, aliposhindwa kwa kura na Al Trimble. Kwa hiyo jambo lile walilomwitia mgeni lilikuja kutimia miaka mitatu baadaye, kwa sanduku la kura, mgeni akiwa amekwishaondoka.

Miaka hiyo mitatu ndiyo bei halisi. Watu wa Pine Ridge huiita enzi ya vitisho. Pedro Bissonette, kiongozi wa chama kile cha haki za kiraia, mtu wa hapo hapo, alipigwa risasi na askari polisi wa idara ya mambo ya wenyeji asilia Oktoba 1973. Polisi walisema askari huyo alijihami. Watu wake hawakukubali kamwe. Kufikia 1976 makumi ya watu walikuwa wameuawa katika jamii ya watu wachache, wengi wao wapinzani wa Wilson, na familia zao zililalamika kwamba vifo havikuchunguzwa ipasavyo. Idadi kamili hubishaniwa hadi leo. Wakati huo huo, kesi za viongozi wakuu wa uvamizi zilifutwa na Jaji Fred Nichol huko St. Paul Septemba 1974 kwa sababu ya mwenendo mbaya wa upande wa serikali. Banks na Means walitoka mahakamani mbele ya kamera. Mtu wa kawaida wa Manderson alirudi kwenye barabara ile ile yenye vijana wale wale wa Wilson, na safari hii kamera hazikuwepo.

Tarehe 26 Juni 1975, karibu na kijiji cha Oglala, katika uwanja wa ukoo wa Jumping Bull, maafisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, Jack Coler na Ronald Williams, na kijana mmoja wa AIM, Joe Stuntz, waliuawa katika mapambano ya risasi. Hapo tena, kambi ya AIM ilikuwepo kwa sababu wazee wenyeji waliomba ulinzi. Na hapo tena nyumba za wenyeji zilitobolewa kwa risasi na kupekuliwa chini juu. Wawili walioshtakiwa kwanza waliachiwa na baraza la wazee wa mahakama mwaka 1976, lililokubali hoja kwamba walijihami katika mazingira ya hofu. Leonard Peltier alihukumiwa mwaka 1977 vifungo viwili vya maisha, na alitoka gerezani Februari 2025, kwenda kumalizia kifungo nyumbani, North Dakota, kwa watu wake wa Turtle Mountain. Dunia nzima inalijua jina la Peltier. Ni wangapi wanaoweza kutaja jina moja la Mlakota aliyeuawa Pine Ridge miaka ile?

Vuguvugu nalo lina deni lake, na heshima yangu kwa waliojitoa mhanga haiwezi kulifuta. Ray Robinson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwanaharakati wa haki za kiraia, aliingia Wounded Knee Aprili 1973 kuwaunga mkono ndugu wa asili. Hakutoka. Mwaka 2014 FBI ilithibitisha kwamba aliuawa humo na kuzikwa, na familia yake haijapata mwili wa kuzika. Anna Mae Aquash, Mmi'kmaq kutoka Kanada aliyejitolea kwa moyo wote, alikutwa amekufa karibu na Wanblee Februari 1976, risasi kichwani. Waliopatikana na hatia, mmoja mwaka 2004 na mwingine mwaka 2010, walikuwa watu wa vuguvugu hilo hilo. Alishukiwa kuwa mpelelezi wa serikali, na haikuwa kweli. FBI ndiyo iliyopanda mbegu ya shaka kwa kupachika wapelelezi, hilo linajulikana. Lakini aliyeshika bunduki hakuwa FBI. Kuna wakazi wa Pine Ridge waliokaa na siri hizi kwa miongo, wakikutana dukani na watu waliojua, wakisalimiana na kunyamaza.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa mizani, maana ningekuwa mwongo nikiuacha. Muulize Mlakota mwenye umri wa kutosha maisha yalikuwaje kabla ya 1973. Atakuambia habari za shule za bweni ambako mtoto alichapwa kwa kusema Kilakota na nywele zake zilikatwa siku ya kwanza. Atakuambia habari za Raymond Yellow Thunder, Mlakota wa miaka 51, aliyedhalilishwa na kupigwa na wazungu huko Gordon, Nebraska, Februari 1972, akafa, na jinsi ambavyo bila kelele za AIM kesi ingepita kama nyingi zilizopita. Kabla ya hapo mzee wa mila alifanya ibada zake pembeni, kimya kimya. Ndani ya mzingiro ule ibada zilifanywa hadharani, bendera ikapandishwa, taifa huru la Oglala likatangazwa, mtoto akazaliwa katikati ya risasi. Sheria ya kulinda dini za wenyeji asilia ilipita mwaka 1978, na sidhani ingepita mapema hivyo bila miaka ile ya misukosuko. Mwaka 1983 redio KILI ilianza kurusha matangazo kutoka Porcupine Butte, kazi ya watu waliotokana na harakati zile, na bibi kizee akasikia Kilakota kikitoka ndani ya redio jikoni kwake. Kila Februari 27 watu hutembea kutoka pande nne za dunia hadi kwenye kilima kile, na watoto wa shule humo ndani, wakicheka na kupiga ngoma. Hilo si jambo dogo. Mtu aliyefundishwa kujionea aibu akiinua kichwa, hata hatua zake hubadilika.

Ila faida hii ina sifa moja inayosumbua: iligawanywa kwa wote, na hasara ilibebwa na wachache. Fahari ilienda hadi kwa wenyeji asilia wa California na Oklahoma ambao hawakuwahi kukanyaga Pine Ridge. Gharama ilibaki kwenye bonde moja. Tim Giago, mwandishi wa habari wa Kioglala ambaye baba yake alifanya kazi katika duka lile la Wounded Knee, alianzisha gazeti la Lakota Times mwaka 1981 na kwa miaka mingi aliandika jambo hili bila kuchoka: kwamba kijiji cha utoto wake kiliharibiwa na waliokiharibu hawakurudi kukijenga. Ofisi zake zilishambuliwa. Wengi walimwita msaliti. Mimi sikubaliani naye kila mahali. Alikuwa mkali mno kwa AIM na mpole kwa mfumo uliomzaa Wilson. Lakini swali lake kuhusu kijiji halijajibiwa. Vyama vya kigeni vilivyochanga fedha za mawakili na ndege za chakula vingeweza kuchanga za mbao na mabati. Serikali iliyomwaga risasi ingeweza kumwaga saruji.

Ardhi yenyewe ya duka, eka 40, ilibaki mikononi mwa familia iliyolimiliki. Mwaka 2013 walitaka kuiuza kwa dola milioni 3.9, na kabila halikuwa na fedha hizo wala halikuona haki ya kulipa bei hiyo kwa damu ya mababu zake. Mwaka 2022 kabila la Oglala na kabila la Cheyenne River, ambalo watu wake pia waliuawa 1890, waliinunua kwa pamoja kwa dola 500,000.

Ukifika leo utakuta njia panda na ubao mkubwa mwekundu unaoeleza yaliyotokea. Juu ya neno la zamani lililomaanisha vita, wakazi walipigilia kipande cha ubao chenye neno jipya, mauaji ya halaiki. Chini ya vibanda vya matawi ya misonobari wajukuu wa kijiji kile huuza shanga na mapambo kwa wapita njia. Lilipokuwa duka pana nyasi. Mkate bado unanunuliwa mbali.